Kujitengenezea mashine ya CNC: chuma kigumu kwanza, moteri nyuma

Katika atelye za mbao za Goma, Bukavu na Butembo, mafundi wengi bado wanachonga maua ya mulango kwa mukono. Mashine ya CNC inaweza kufanya kazi hiyo: kompyuta inaongoza kisu kinachozunguka, na mulango wa kumi unafanana na wa kwanza. Ile ya kiwandani iko bei kali, ndiyo maana fundi wa mbao na fundi wa kusudea wanaweza kufikiria kujitengenezea yao. Lakini wakipanga vibaya, feza za miezi mingi zinaweza kupotea.

Makosa inaanzia wapi?

Inaanza pale mutu anapoagiza moteri mbele ya kupanga chuma. Moteri zinazotumika sana kwa mashine hizi zinagawa muzunguko mumoja hatua 200. Zikizungusha vise inayosogeza milimita 5 kwa muzunguko, kila hatua ni milimita 0,025. Namba ni nzuri, lakini ni ya karatasi tu. Kama daraja linalobeba kisu linapinda nusu milimita wakati kisu kinagusa mvule, kazi itatoka na kosa la nusu milimita, tena na alama za kutetemeka.

Urefu unapunguza nguvu

Chukua chuma kilichoshikwa huku na huku. Ukiongeza urefu wake mara mbili, chini ya muzigo uleule kitapinda mara 8. Kwa hiyo uliza kwanza: nitachonga nini? Kama ni vibao vya sentimita 60, usijenge mashine ya sentimita 120. Na kisu kisiningʼinie mbali chini ya daraja, juu kitayumba.

Chuma cha kawaida ni kigumu karibu mara 3 kupita aluminiamu. Chagua tubo ndefu kwa kimo: kimo kinasaidia kuliko unene wa ukuta wake.

Wakati wa kusudea

Moto unavuta chuma. Shika kwa pointi ndogo ndogo, badilisha upande, acha ipoe. Pima toka kona hadi kona: vipimo viwili lazima vilingane. Usifunge reli juu ya tubo bila kuisawazisha. Weka vipande vyembamba vya bati chini yake mpaka rula ya chuma isipitishe mwangaza.

Vise nayo iangaliwe. Ya kawaida inacheza ndani ya ekru yake. Ile yenye gololi ndani inacheza kidogo sana.

Na umeme?

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau pale ilipofika, na mbao inaweza kuharibika. Panga onduleri tangu mwanzo. Kwa programu, GRBL na LinuxCNC ni za bure, basi feza iende kwa chuma.

Jaribu mbele ya kununua moteri

Unga chuma chote, funga reli, zuia daraja lisitembee. Kisha vuta pale kisu kitakaa, kwa mizani ya kuningʼiniza, mpaka isome kilo 10. Kama jicho linaona daraja linasogea, ongeza chuma ao punguza urefu. Siku hiyo bado unaweza kukata na kusudea upya bila kupoteza mingi.