Ukihama Nyumba ya Kupanga, Usiache Sumu Nyuma

Mwezi huu tunaomba tuingie pamoja katika chumba kitupu. Aliyekuwa akikaa humo amehama. Kitanda, meza na ndoo vimepakiwa kwenye lori, watoto wamekaa juu ya magunia, na ufunguo umerudishwa kwa mwenye nyumba. Chumbani vimebaki vitu vichache ambavyo hakuna aliyeona vina thamani: chupa ya soda nyuma ya mlango, vidonge katika karatasi juu ya ukuta, gunia lenye vumbi, godoro lililochanika. Juma linalofuata anaingia mpangaji mwingine na watoto wake.

Hapa Namtumbo kuhama kumekuwa jambo la kila mwezi. Tangu Namtumbo ilipotengwa na Songea na kuwa wilaya, mwaka 2002, walimu, mabwana shamba, askari na sisi wauguzi tunaletwa na kuhamishwa. Msimu wa mavuno nao huleta wanunuzi wa mahindi, ufuta na mbaazi. Hao hupanga chumba kwa miezi mitatu au minne, wakakifanya ghala mchana na mahali pa kulala usiku. Tukiulizana juu ya usafi wa kuhama, wengi wetu tunafikiria aibu tu: majirani watasema nini, mwenye nyumba atanung'unika. Sisi wodini tunaufikiria kwa namna nyingine.

CHUPA ILIYOKUWA NA MAZIWA

Tulimpokea mtoto wa miaka mitatu hivi, amebebwa na mama yake anayekimbia. Mate yalikuwa yanamtoka mdomoni bila kukoma, jasho jingi, anatapika, anapumua kwa shida, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Tukamwuliza mama, "Amekula nini?" Akajibu, "Sista, hakula kitu. Alikunywa maziwa tu, nami sikumpa maziwa."

Familia ile ilikuwa na siku mbili tu katika chumba kile. Nyuma ya mlango kulikuwa na chupa ya soda yenye kitu cheupe kilichofika nusu. Ilikuwa dawa ya kuua wadudu wa shambani, imekwisha kuchanganywa na maji. Dawa nyingi za namna hiyo zikiingia kwenye maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Mtoto ana kosa gani? Ameona chupa ya soda, ndani ameona maziwa.

Mtoto yule alipona, kwa kuwa alifikishwa mapema na sindano ya atropini ilikuwapo. Mwenye chupa hakuwa mtu mbaya. Alipulizia bustani yake, dawa ikabaki, akaona hasara kuimwaga, akaihifadhi. Siku ya kuhama aliisahau. Lakini tungependa kila mzazi anayesoma hapa aelewe kwamba kosa lilianza kabla ya siku ile, pale dawa ilipotiwa katika chupa ya kinywaji. Mafuta ya taa ni vivyo hivyo.

Basi, mtoto akinywa dawa ya shamba au mafuta ya taa, usimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia katika mapafu, na hapo ndipo ugonjwa unapokuwa mkubwa. Usipoteze muda kutafuta maziwa ya kumnywesha. Kama dawa imemwagikia mwilini, mvue nguo, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, ukimbilie hospitali au kituo cha afya kilicho karibu. Ichukue chupa au kopo uje nalo, maana pasipo hilo tunafanya kazi ya kubahatisha.

VIDONGE VYA GHALANI

Hili ndilo linalotutia hofu kuliko yote, kwa sababu halijulikani kwa wengi. Wanaohifadhi mahindi na mbaazi hutumia vidonge vinavyotoa gesi ya kuua wadudu wa ghala. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa huanza kutoa gesi hiyo, na hubaki unga wa kijivu kama majivu. Gesi haichagui kati ya dumuzi na binadamu. Huweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini kutosikia harufu si ushahidi kwamba haipo. Hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Tunachoweza hospitalini ni kumsaidia mgonjwa kupumua na kuulinda moyo wake, na mara nyingine hatushindi.

Sasa fikiri jinsi nyumba zetu za kupanga zilivyojengwa. Vyumba vinne au sita katika paa moja, kuta za ndani haziendi hadi kwenye bati, na dari hakuna. Gesi inayotoka chumba cha mfanyabiashara hupita juu ya ukuta hadi kwa mama aliyelala na kichanga chumba cha pili. Kwa hiyo vidonge hivi havitumiwi kamwe katika nyumba wanamolala watu, hata kama wewe mwenyewe unakwenda kulala kwa ndugu.

Ukiingia chumba kilichokuwa ghala ukakuta vidonge au unga wa namna hiyo, usiumwagie maji, usiufunge katika kopo, usiutupe chooni. Fungua mlango na madirisha, watoe watu wote, pamoja na wa vyumba vya jirani, umwite bwana shamba anayejua kazi hiyo. Mwenye nyumba asione haya kumwuliza mpangaji tangu mwanzo: "Bwana, utaweka mazao? Utatumia dawa gani?" Anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo ana haki ya kuuliza, tena ana wajibu.

WAKAAJI WASIOHAMA

Wazee wetu waliozaliwa katika nyumba za udongo wanamjua papasi. Si kupe wa ng'ombe wala wa mbwa. Huyu hukaa katika nyufa za ukuta na vumbi la sakafu ya udongo, hutoka usiku, humnyonya mtu aliyelala, kisha hurudi ufani kabla hajapambazukiwa. Anayeumwa mara nyingi hajui. Baada ya siku kadhaa hushikwa na homa kali, kichwa na viungo vinamwuma. Homa hushuka, mtu anasema amepona, kisha inarudi tena. Ndiyo homa ya papasi. Mama mjamzito akiipata huweza kuharibu mimba, na kwa watoto wachanga huua.

Ugonjwa huu una historia yake na watu wanaohamahama. Mwaka 1905 mganga Mwingereza, Joseph Dutton, alikufa kwa homa hiyo huko Kasongo, Kongo, akiwa anaichunguza. Mdudu anayeileta akapewa jina lake. Katika miaka hiyohiyo Mjerumani Robert Koch aliichunguza katika nchi yetu, akawakuta papasi wenye ugonjwa katika vibanda vya njia za misafara, walimolala wapagazi. Aliona pia kwamba papasi jike huurithisha ugonjwa kupitia mayai yake. Leo homa hii imepungua sana kwa kuwa nyumba za matofali na saruji zimeongezeka. Lakini kibanda kile cha wapagazi kina tofauti gani na chumba cha kupanga chenye sakafu ya udongo? Mtu huja, hulala, huondoka. Papasi hubaki, naye anaweza kukaa miaka bila kula akimngojea mgeni.

Kwa chumba cha namna hiyo ufagio peke yake hautoshi. Sakafu inyunyiziwe maji kwanza ili vumbi na mavi ya panya visiruke hadi puani, ndipo ifagiliwe. Nyufa zizibwe kwa udongo mpya, kuta zikandikwe. Mwenye nyumba mwenye uwezo aweke saruji sakafuni. Kazi ya kuziba tunaiweka mikononi mwa mwenye nyumba, si ya mpangaji anayeondoka, ingawa tunajua baadhi yao watatukasirikia kwa kuandika hivi.

Kunguni naye hungoja, ingawa kwa miezi, si miaka. Kitanda unachohama nacho mwagie maji yanayochemka kwenye viungio, mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kupaka kitanda mafuta ya taa ni kuita moto. Na godoro lenye kunguni usimwachie mpangaji mpya kama zawadi. Tumewahi kupokea zawadi hiyo sisi wenyewe, katika nyumba ya watumishi, tukashukuru sana, tukakesha mwezi mzima.

Mara nyingi tunaulizwa kama chumba cha mtu aliyeugua kifua kikuu kinapangika. Kinapangika. Ugonjwa huo huenezwa na hewa anayokohoa mgonjwa asiyeanza dawa, hautoki ukutani wala kwenye sahani. Fungua madirisha, acha hewa na jua viingie siku nzima, osha sakafu kama kawaida. Kuchoma vyombo vya mgonjwa ni kumwongezea umaskini bure.

Kwa chooni na bafuni, osha kwanza kwa sabuni na maji, kwa maana uchafu huidhoofisha jiki. Kisha changanya kikombe kimoja cha jiki na vikombe sita vya maji, paka, acha dakika kumi, suuza. Jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali, hata kama doa limekataa kutoka. Vikikutana hutoa hewa inayochoma koo na mapafu, na vyoo vyetu vingi ni vidogo, havina dirisha. Mama mmoja tulimtibu kwa sababu hiyo. Alikuwa na haraka, lori lilikuwa linapiga honi nje.

KABLA YA KUTOA UFUNGUO

Panda juu ya stuli utazame juu ya ukuta na kwenye mbao za paa. Huko ndiko tunakoficha vitu watoto wasivione, na huko ndiko tunakovisahau: dawa mseto iliyobaki nusu, vidonge vya presha vya bibi, sumu ya panya, wembe. Dawa za hospitali zipeleke zahanati, usizitupe jalalani ambako watoto hucheza. Dawa za shamba mwulize bwana shamba, na kopo tupu litobolewe lisije likachotewa maji.

Chukua pia karatasi zako. Kadi ya kliniki ya mtoto ina chanjo zake zote, na huko unakohamia wataiomba siku ya kwanza. Kadi ya dawa za kila mwezi ina jina lako na ugonjwa wako. Tumeona kadi ya mtu ikisomwa kwa sauti uani na wapangaji waliobaki, wakicheka, naye mwenyewe yuko Tunduru hana habari. Nawe unayeikuta kadi ya mwenzako, ifunge katika bahasha uipeleke kituo cha afya ilikotoka.

Kisha ongea na anayeingia. Kama hajafika, mwachie maneno jirani wa chumba cha pili: ubao wa choo umeoza upande wa kushoto, panya wanaingilia chini ya dirisha, mahindi yalihifadhiwa humu mwezi wa saba na dawa iliyotumika ni hii. Anayeingia naye, kabla hajashusha mzigo, awaache watoto nje na mama mmoja wa jirani, aingie peke yake, afungue madirisha, atazame nyuma ya mlango.