Fahamu: Namna kompyuta inavyosaka umbo la jengo linalostahimili mtikisiko

Bandari ya Karema mkoani Katavi, inayotazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, imesimama katika Bonde la Ufa, ambako tarehe 5 Desemba 2005 lilipita tetemeko la ukubwa wa 6.8, kwa hiyo umbo la majengo yake ni suala la uhai wa watu. Kila jengo lina kasi yake ya asili ya kutikisika, na ardhi ikitikisika kwa kasi hiyohiyo mtikisiko huzidi kukua hata nguzo zikapasuka, hali iitwayo rezonansi. Ili kupata umbo linaloepuka hali hiyo, mbinu za kimageuzi, zilizoasisiwa tangu miaka ya 1960 na watafiti kama Ingo Rechenberg wa Ujerumani na John Holland wa Marekani, huiachia kompyuta ibuni maumbo mengi kwa kubahatisha, iyapime uzito na mtikisiko, iyatupe yaliyo dhaifu, kisha ichanganye sifa za yaliyobaki, kama vile unene wa nguzo na nafasi ya mihimili, na kuzibadili kidogo kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo, jibu la kompyuta haliwezi kuushinda usahihi wa vipimo ilivyopewa; wahandisi wa ufukwe huu hawana budi kuanza na kupima udongo.