Polenta ni ugali: Mkulima wa Molo anapoketi mezani Italia

KWA wakazi wengi wa Nakuru, chakula cha Kiitaliano ni pizza ya mikahawa ya jijini, au tambi zilizochanganywa na nyama ya kusaga siku ambayo watoto wamechoshwa na ugali. Vyote viwili vina asili ya Italia, hilo halina ubishi. Lakini mkulima aliyewahi kulala katika nyumba ya familia ya kule, akala wanachokula wenyeji asubuhi, mchana na jioni, hurejea na habari tofauti. Mezani hukuta sima ya mahindi, majani yawashayo yaliyochumwa kando ya shamba, viazi, maharagwe na kipande cha jibini. Nyama huwa ndogo, na pizza huenda asiione kabisa.

Kwamba wakulima wa Bonde la Ufa hufika katika meza hizo si jambo la kubahatisha. Wamefikishwa huko na Slow Food, chama kilichoanzishwa na Carlo Petrini, mzaliwa wa mji mdogo wa Bra katika jimbo la Piedmont, kaskazini-magharibi mwa Italia. Chimbuko lake ni upinzani wa mwaka 1986 dhidi ya kufunguliwa kwa mkahawa wa McDonald's karibu na Piazza di Spagna jijini Roma. Azimio la kimataifa likatiwa saini Paris mwaka 1989. Jina la chama lina maana ya chakula kisichokimbizwa, chenye kupandwa, kupikwa na kuliwa kwa utaratibu.

Mnamo Oktoba 2004 chama hicho kiliandaa mjini Turin kongamano la kwanza la Terra Madre, yaani Mama Ardhi. Wakulima, wafugaji, wavuvi na wapishi wapatao 5,000 kutoka nchi takriban 130 walihudhuria. Badala ya kuwajaza wote hotelini, waandalizi waliwasambaza wageni katika nyumba za wenyeji na mashamba ya miji midogo ya Piedmont, na desturi hiyo ya kuwaomba wakazi wafungue milango yao ikaendelea katika baadhi ya makongamano yaliyofuata. Wawakilishi wa vikundi vya wakulima wa Molo, Njoro na Elburgon wamekuwa miongoni mwa waliosafiri kwenda Turin.

Mshangao wa kwanza humpata mgeni wakati wa kiamsha kinywa. Mtu aliyezoea kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, mkate uliopakwa siagi na pengine yai, huwekewa kahawa na maziwa pamoja na biskuti mbili tatu. Basi. Kahawa yenyewe huchemshwa jikoni katika birika dogo la alumini liitwalo moka, ambalo lilibuniwa na kuanza kuundwa na Bialetti huko huko Piedmont mwaka 1933. Baada ya mlo wa mchana kahawa hunywewa bila maziwa, na anayeomba maziwa wakati huo hutazamwa kama anayeomba uji kwenye karamu ya jioni. Hakuna anayekasirika. Wenyeji huamini tu kwamba maziwa juu ya tumbo lililoshiba huleta kiungulia.

Mchana ndipo utaratibu unapodhihirika. Mkenya huweka vyote kwenye sahani moja, wali hapa, mchuzi pale, kabeji pembeni. Mwitaliano huvitenganisha. Kwanza huja tambi, wali au supu. Vikishaliwa sahani huondolewa, ndipo kije kipande cha nyama, samaki au mayai pamoja na mboga. Mwisho ni matunda. Mgeni asiyejua hilo huongezewa tambi mara ya pili kwa kudhani chakula ndicho hicho, kisha akatahayari anapoona sahani nyingine inawasili. Aidha, tambi hazimwagiwi mchuzi mwingi. Rojo huwa la kuzipaka tu, kwa kuwa kwao tambi ndizo chakula na rojo ni kitoweo chake. Huepuliwa zikiwa bado na ugumu kidogo kwenye jino, jambo ambalo mama wa Nakuru angelihesabu kuwa ni kukosa kuiva. Sheria ya Italia ya mwaka 1967 ilielekeza kwamba tambi kavu za dukani zitengenezwe kwa ngano ngumu, na ugumu huo wa nafaka ndio huzifanya zistahimili maji yanayochemka bila kugeuka uji. Ngano inayokuzwa kwa wingi Njoro na Mau Narok ni ya aina nyingine, ile laini zaidi ifaayo kwa mkate na chapati.

Lakini tambi kavu kwa asili ni chakula cha kusini mwa Italia. Kaskazini, wanakofikia wageni wa Terra Madre, mfalme wa meza za wakulima kwa karne nyingi alikuwa polenta. Watu wa kusini waliwatania wenzao wa kaskazini kwa kuwaita polentoni, walaji wakuu wa polenta, nao wakajibiwa kwa jina la walaji makaroni.

Polenta ni ugali. Maji huchemshwa, hutiwa chumvi, unga wa mahindi hunyunyizwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka. Tofauti ziko katika mambo madogo. Unga ni wa chengachenga na wa njano. Maji ni mengi zaidi. Na mpishi hukoroga kwa dakika 40 au zaidi, kwa desturi katika sufuria nzito ya shaba. Ugali wa Nakuru ukipewa muda huo ungeungua. Polenta ikiiva humiminwa juu ya ubao mpana katikati ya meza, ikapoa kidogo, ikakatwa kwa uzi. Huliwa kwa jibini inayoyeyuka juu yake, kwa maharagwe, au kwa mchuzi wa nyama iliyopikwa polepole. Kiporo hukaangwa au kuchomwa asubuhi, kama ambavyo familia nyingi za Kenya hula ugali uliolala kwa chai.

Rangi ya njano humtia mgeni wa Kenya wasiwasi. Waliokuwapo wakati wa ukame wa 1984 wanakumbuka mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli kutoka Marekani, na tangu hapo rangi hiyo imebaki na sifa ya chakula cha msaada, au cha kuku. Katika mabonde ya Piedmont, mahindi ya njano ndiyo ya heshima.

Undugu wa ugali na polenta si wa sadfa. Mahindi hayakuwa ya Italia wala ya Kenya. Yalitoka Amerika baada ya safari za Columbus, yakaingia kaskazini mwa Italia katika karne ya 16, ambako yalipewa jina la nafaka ya Kituruki kwa sababu kila kitu kigeni kilidhaniwa kuwa kimetoka kwa Waturuki. Kabla ya hapo wakulima walisonga polenta yao kwa mtama, kwa nafaka nyingine za zamani na kwa unga wa njugu za milimani. Karibu wakati uo huo Wareno waliyafikisha mahindi katika pwani ya Afrika Mashariki. Nyanda za juu za Kenya zilisubiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo mahindi meupe yaanze kuusukuma wimbi na mtama kando. Kwa maneno mengine, babu wa mkulima wa Molo na babu wa mkulima wa Piedmont walibadilisha nafaka kwa sababu ile ile: mahindi huzaa sana kwa ekari moja, nayo maganda yake huyakinga na ndege.

Kilichofuata Italia kinastahili kujulikana zaidi katika nchi ambayo imeegemea mahindi kwa kiasi cha Kenya. Katika karne za 18 na 19, wenye mashamba makubwa wa kaskazini waliuza ngano mijini, wakawaachia vibarua mahindi. Familia maskini zikawa zinakula polenta asubuhi, polenta mchana na polenta usiku, mara nyingi bila kitoweo. Ndipo ulipozuka ugonjwa wa ajabu. Ngozi iliyopigwa na jua ilikakamaa na kuchubuka, tumbo likaharisha, akili zikavurugika, na wengi wakafa. Mwaka 1771 daktari wa Milan, Francesco Frapolli, aliuita pelagra, kutokana na maneno ya wanavijiji yenye maana ya ngozi iliyokauka. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wagonjwa waliohesabiwa Italia walikuwa takriban 100,000, wengi wao wakulima wa kaskazini.

Wataalamu walibishana kwa muda mrefu. Wapo waliodai ni sumu ya mahindi yaliyooza, wengine wakasema ni maambukizi. Daktari Joseph Goldberger wa Marekani, aliyeuchunguza ugonjwa huo katika majimbo ya kusini kuanzia 1914, ndiye aliyeonyesha kwamba ulitokana na mlo duni. Mwaka 1937 ikabainika kwamba kilichokosekana ni niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mahindi yanayo niasini, ila imefungika kwa namna ambayo mwili hauwezi kuitumia vyema. Wenyeji wa Mexico, waliokuza mahindi kwa maelfu ya miaka, huyachemsha kwa chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hilo huifungua. Ulaya ilichukua mbegu ikaacha mapishi.

Kilichouondoa ugonjwa huo Italia ni kuboreka kwa mlo: maziwa, maharagwe, mayai, nyama kidogo na ngano. Kinachoukinga ugali wa Bonde la Ufa ni kile kinachokaa kando yake, yaani mala, mursik, maharagwe, omena na mboga. Bei zinapopanda, unga hununuliwa kwanza na kitoweo hupunguzwa, na hapo ndipo penye hatari. Wakulima wa eneo hili walipata onyo jingine kuhusu kutegemea zao moja mwaka 2011, pale ugonjwa hatari wa virusi unaokausha mahindi ulipogunduliwa Bomet kisha ukaenea katika maeneo mengine ya Bonde la Ufa.

Kwa sababu hiyo, sahani ndogo za jioni katika nyumba ya Piedmont pengine zina mafunzo kuliko polenta yenyewe. Supu ya jioni hutengenezwa kwa chochote kilichomo bustanini: karoti, kabeji, maharagwe, viazi, ncha za mkate mkavu. Thabai, yale majani yawashayo ambayo jamii za Mau huyachanganya kwenye mukimo, huko huchumwa majira ya kuchipua na kutiwa ndani ya wali au unga wa tambi, na hakuna anayeyaita chakula cha njaa. Viazi, ambavyo Molo huvitoa kwa magunia, hupondwa vikachanganywa na unga wa ngano kidogo, vikakatwa vidonge, vikachemshwa hadi vielee. Ndiyo gnocchi, na hakuna kiungo chake kisichopatikana katika soko la Molo. Wali nao una makao Piedmont, kwani mashamba ya maji ya Vercelli na Novara yangemkumbusha mgeni Mwea.

Msimu wa baridi ukikaribia, familia huzunguka chungu kimoja cha bagna càuda, rojo moto la kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na samaki wadogo wa chumvi mithili ya dagaa. Kila mmoja huchovya mboga zake mumo humo. Samaki hao hawavuliwi Piedmont, ambayo haina bahari. Wafanyabiashara waliwavusha milima kutoka pwani ya Liguria pamoja na chumvi. Mtu aliyelelewa kula katika sinia moja na ndugu zake hahitaji kufundishwa adabu ya chungu hicho, ingawa harufu ya kitunguu saumu humfuata hadi siku ya pili.

Wageni hawakwenda mikono mitupu. Miongoni mwa vyakula vya Nakuru ambavyo Slow Food imevichukua chini ya mpango wake wa kulinda vyakula vya asili ni malenge ya Lare katika eneo la Njoro, kuku aina ya mushunu wa Molo wasio na manyoya shingoni, thabai zilizokaushwa za Msitu wa Mau, na asali ya Waogiek wa Mariashoni. Ulinzi huo si wa mapambo. Molo ilikumbwa vibaya na ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na familia zilizokimbia ziliacha nyuma mifugo na mbegu pamoja na nyumba. Thabai iliyosagwa unga hukaa ghalani mboga zinapoadimika, nayo malenge huliwa tunda, majani na mbegu.

Katika kongamano la 2010 chama hicho kilitangaza mpango wa bustani elfu moja barani Afrika, nyingi zikiwa za shule na vijiji, Kenya ikiwamo. Chuo kikuu chake cha elimu ya vyakula, kilichofunguliwa Pollenzo karibu na Bra mwaka 2004, kimewasomesha vijana wa Afrika Mashariki. Mmoja wao, Edward Mukiibi wa Uganda, alichaguliwa Julai 2022 kumrithi Petrini katika urais wa Slow Food.

Anayetaka kuonja polenta bila kupanda ndege hahitaji pakiti ya dukani yenye bendera ya Italia. Atafute mahindi ya njano na amwombe mwenye kinu cha posho ayasage chengachenga bila kuyafanya laini. Vikombe vinne vya maji yenye chumvi kwa kimoja cha unga vinatosha, juu ya moto mdogo, na mwiko usitulie kwa dakika 40. Kando kuwe na maharagwe au thabai. Kitakachobaki kimiminwe kwenye sinia, kilale, kikaangwe asubuhi.