Je, Wajua? Ruta yenye nafasi kubwa huweza kuzidisha msongamano

Wengi hudhani kwamba mtandao ukielemewa, dawa ni kuiongezea ruta kumbukumbu ili isipoteze hata pakiti moja ya data. Hesabu inakataa. Chukua laini inayotuma megabiti 1 kwa sekunde: foleni ya megabaiti 1 katika kumbukumbu ya ruta yake ikijazwa na mtu mmoja anayepandisha video, mwenzake anayeongea kwa simu ya intaneti atangoja sekunde 8 kabla sauti yake haijatoka. Mwaka 1985 mtaalamu wa mitandao John Nagle alionyesha kwamba hata ruta yenye kumbukumbu isiyo na kikomo ingekwama, kwa kuwa pakiti zina muda wa kuishi na zingeishiwa na muda huo zikiwa bado kwenye foleni. Pendekezo lake ni la haki kabisa: kila mtumaji awe na foleni yake, na ruta izihudumie kwa zamu. Anayefurika hujichelewesha mwenyewe.

Wapo watakaosema kutupa pakiti ni hasara. Lakini TCP ya kawaida, itifaki inayoongoza utumaji wa pakiti, hutambua msongamano kwa pakiti zinazopotea. Isipopotea hata moja, mtumaji huzidi kuongeza kasi. Ndiyo maana mbinu ya CoDel, iliyotolewa na Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012, haitazami urefu wa foleni bali muda ambao pakiti imekaa humo: kungoja kukizidi milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, huanza kutupa. Na kununua laini yenye kasi zaidi? Kunasaidia kweli, ila mara nyingi foleni huhamia tu kwenye kiungo kingine chembamba njiani.