Nakala ya Dijitali Haichuji

Studio ya video inapomkabidhi mteja nakala ya DVD ya harusi, lawama inayorudi mara nyingi ni kwamba picha imefifia na rangi si zile za diski ya kwanza. Fundi naye huapa kwamba programu yake hunakili bila kubana chochote. Wawili hao wanaweza kubishana mpaka usiku bila kuafikiana, maana shahidi wao ni mmoja na hafai kwa kesi hii: jicho. Kama programu imeigusa picha au haikuigusa ni jambo lenye jibu la hakika. Jibu hilo hupatikana kwa kompyuta ya kawaida na programu za bure, bila kuitazama video yenyewe hata sekunde moja.

Kwanza tuelewane maana ya “bila kubana”. Video iliyomo kwenye DVD imeshabanwa tangu ilipotengenezwa. Fremu moja ya mfumo wa PAL, uliozoeleka Afrika Mashariki, ina pikseli 720 kwa 576. Ingehifadhiwa bila kubanwa, kwa mpangilio wa rangi ambao DVD hutumia, ingechukua baiti 622,080. Kila sekunde ina fremu 25, kwa hiyo sekunde moja ingekula megabiti 124 hivi. Kiwango cha juu ambacho video ya DVD inaruhusiwa kufika ni megabiti 9.8 kwa sekunde. Maana yake, mfumo wa kubana uitwao MPEG-2 umeshaondoa zaidi ya tisa ya kumi ya data kabla diski haijamfikia mtu yeyote. Programu inayonakili “bila kubana” hairudishi kilichoondolewa. Ahadi yake ni moja tu: haitabana mara ya pili. Inazichukua biti kama zilivyo na kuziweka mahali pengine.

Hofu ya wateja lakini haikuzuka hewani. Diski ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, na diski tupu ya kawaida hubeba 4.7. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu kama DVD Shrink zilipata umaarufu kwa kuibana ile kubwa iingie kwenye ndogo, na hapo picha ilipungua kweli. Kabla ya hapo zilikuwapo kanda za VHS, ambazo kila nakala ya nakala ilizidi kuwa na chenga na rangi kupauka. Aliyekulia enzi hizo amezoea kuamini kwamba kunakili ni kupoteza.

Nakala ya dijitali haina tabia hiyo. Ni kama kunakili namba ya simu: ukikosea tarakimu moja, simu haimpigii mtu anayekaribia kufanana na jirani yako, inampigia mtu mwingine kabisa. Isitoshe, DVD ina kinga yake. Data hupangwa katika mafungu ya baiti 32,768, na kila fungu lina tarakimu za ziada za kusahihisha makosa, kwa hesabu iitwayo Reed-Solomon. Mkwaruzo mdogo ukiharibu sehemu ya fungu, kisomaji hukokotoa kilichopotea na kukirudisha sawasawa. Ukishinda uwezo wake, hutoa taarifa ya kosa. Kwa hiyo usomaji ulioshindikana huonekana kama miraba inayorukaruka, picha kukwama au sauti kukatika. Hauwezi kuleta ukungu mwepesi juu ya picha nzima, wala kupausha nyekundu ya gauni. Ukiona picha imelainika sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, mtuhumiwa si kunakili. Ama video imebanwa upya, ama kifaa cha kuonyeshea ndicho kimebadilika.

Kipimo cha kwanza: heshi

Heshi ni tarakimu fupi inayokokotolewa kutokana na kila biti ya faili. Inayotumika sana leo ni SHA-256, iliyotolewa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Faili iwe na ukubwa wowote, jibu ni herufi na tarakimu 64. Badilisha biti moja tu katika gigabaiti nne, na mstari mzima unabadilika usitambulike. Idadi ya heshi zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78, hivyo hakuna haja ya kuhofia kwamba faili mbili tofauti zitagongana kwa bahati.

Kwenye Windows amri ni certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum, na kwenye Mac ni shasum -a 256. Kokotoa heshi ya faili ya asili, kisha ya nakala. Zikilingana, kesi imekwisha: kila pikseli ya nakala ni ileile ya asili, na hakuna televisheni wala mtaalamu wa rangi anayeweza kuonyesha vinginevyo.

Jihadhari na jambo moja. Ukishachoma diski, itoe, uirudishe, ndipo ukokotoe heshi kutoka kwenye diski yenyewe. Usipofanya hivyo, huenda kompyuta ikasoma data iliyobaki kwenye kumbukumbu yake, ukawa umeipima kompyuta badala ya diski.

Kipimo cha pili: fremu kwa fremu

Heshi zikitofautiana, usikimbilie kuhukumu. Programu ya kunakili inaweza kubadilisha kasha, yaani aina ya faili inayobeba video, na kuacha yaliyomo. MakeMKV, kwa mfano, huitoa video kwenye faili za DVD ziitwazo VOB na kuiweka kwenye faili moja ya MKV. Picha haiguswi, ila kasha ni jipya, kwa hiyo heshi ya faili lazima iwe tofauti. Nyingine huandika upya faili za IFO, ambazo ni ramani ya menyu na sura za diski, au huongeza sifuri mwishoni mwa faili.

Hapa inaingia FFmpeg, programu ya bure inayosoma karibu kila aina ya video. Ukiiagiza itoe matokeo kwa mpangilio uitwao framemd5, huifungua kila fremu hadi kuwa pikseli na kuipa heshi yake. Saa moja ya video ya PAL hutoa mistari 90,000. Fanya hivyo kwa asili na kwa nakala, kisha linganisha safu ya mwisho, yaani ile ya heshi. Safu za muda zisikusumbue, maana kasha likibadilika nazo hubadilika. Angalia pia kama programu imekata fremu chache mwanzoni. Orodha zikipishana kwa mistari miwili halafu zikafuatana mpaka mwisho, hiyo ni mikato, si kupungua kwa ubora.

Orodha zote mbili zitolewe na FFmpeg ileile kwenye kompyuta ileile. Kanuni za MPEG-2 haziamuru hesabu ya kufungua picha ifanane hadi biti ya mwisho. Zinaruhusu tofauti ndogo za kukadiria, na vichezeshi viwili vinaweza kutoa pikseli zinazopishana kwa ngazi moja ya mwanga ilhali vinasoma diski ileile.

Kipimo cha tatu: kupungua kiasi gani

Fremu zikitofautiana kuanzia mwanzo hadi mwisho, sasa picha imeguswa, na swali lililobaki ni la kiasi. PSNR hupima wastani wa makosa ya pikseli kwa desibeli. Picha mbili zilizo sawa kabisa hazina kosa, kwa hiyo jibu lake ni namba isiyo na kikomo. Kila pikseli ikipotoka kwa ngazi moja tu kati ya 255, PSNR ni desibeli 48 hivi, tofauti ambayo jicho haliioni. Ikishuka kuelekea 30, mtazamaji makini huanza kuona miraba kwenye vivuli na kingo zenye mawimbi. SSIM, iliyochapishwa mwaka 2004, hulinganisha maumbo badala ya pikseli mojamoja, na 1 maana yake ni kufanana kabisa. FFmpeg hukokotoa vyote viwili.

Usiridhike na wastani wa filamu nzima. Bwana harusi aliyekaa kimya kwenye kiti haichoshi programu ya kubana. Anayeichosha ni umati unaocheza chini ya taa za rangi, fataki juu ya keki, na kitambaa chenye nakshi ndogondogo kinachopita mbele ya kamera. Tafuta fremu yenye alama ya chini kuliko zote, uitazame hiyo.

Wala usidanganywe na ukubwa wa faili. Programu inaweza kuifungua video, kuibana upya na kutoa faili ya gigabaiti 4.3 kutoka faili ya gigabaiti 4.3. Ukubwa umebaki, picha si ileile. Hata chaguo la “ubora asilimia 100” mara nyingi humaanisha kubana upya kwa upole. Dalili moja husaidia: programu inayonakili tu huisubiri diski, na prosesa hukaa karibu bila kazi, inayobana upya huitesa prosesa mpaka feni ipige kelele.

Kabla ya kuamini matokeo yoyote, kijaribu kipimo chenyewe. Tengeneza makusudi nakala iliyobanwa upya kidogo, uipitishe kwenye hatua zilezile. Kipimo kikisema hata hiyo ni sawa, basi umekosea amri, na ule usawa uliouona mwanzo hauna thamani.

Tarakimu zikilingana, jicho likikataa

Hutokea heshi zikawa sawa na mteja bado akaona tofauti. Pengine anaona kweli, ila chanzo si nakala. Video ya PAL kwa kawaida hurekodiwa kwa mistari inayopishana, na kila kichezeshi huiunganisha kwa namna yake. Televisheni ya kisasa hulazimika kuikuza picha ya mistari 576 hadi 1080 au 2160. Kuna pia kiwango cha mwanga: DVD huhesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe kuwa 235. Kifaa kikidhani ni 0 hadi 255, nyeusi hugeuka kijivu na picha nzima hupauka, na hiyo ndiyo lawama tuliyoanza nayo. Kwa hiyo chezesha diski zote mbili kwenye kifaa kimoja, kwa waya uleule. Mtu wa tatu azibadilishe mara kumi bila mteja kujua ipi ni ipi. Atakayezitaja sawa zote kumi kwa kubahatisha ni mmoja kati ya 1,024.

Vipimo hivi havihusu DVD peke yake. Video iliyotumwa kwa WhatsApp kama video hubanwa; ikitumwa kama waraka hufika na heshi ileile iliyoondoka nayo.

Heshi lakini haisemi kwamba picha ni nzuri. Inasema ni ileile, na harusi iliyopigwa kwa kamera mbovu itanakiliwa pamoja na ubovu wake wote. Faida yake ni kwamba hubaki vilevile hata baada ya kumbukumbu za watu kuchoka. Studio inayomwandikia mteja zile herufi 64 kwenye risiti imempa njia ya kuhakiki, miaka kumi baadaye, kwamba nakala aliyohamishia kwenye diski kuu bado ni ileile. Kazi hiyo ifanywe sasa, kwa kuwa rangi ya kemikali inayobeba data kwenye diski za kuchoma huharibika kwa muda, na diski isiyosomeka haina heshi ya kulinganisha.