Vespa Haiwaki? Anza na Plagi

Vespa ikikugomea barabarani Unguja, washauri hawakosekani. Muuza kahawa atasema kabureta hiyo. Kijana aliyepita na baiskeli atasema sukuma tu, tia gia ya pili. Mzee mmoja atakuuliza, "Mwanangu, mafuta lakini umetia?" na watu watacheka, ingawa kati ya wote hao ni yeye peke yake aliyeuliza swali la maana.

Injini yoyote ya petroli, iwe ya jenereta au ya lori, inataka vitu vitatu ili iwake: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche inayopiga kwa wakati wake. Kikikosekana kimoja, utapiga kiki mpaka mguu ufe ganzi. Tatizo la mafundi wetu wengi ni kwamba hawaulizi kipi kimekosekana. Wanafungua kabureta kwa sababu ndiyo waliyoizoea, wanaipuliza, wanairudisha, na Vespa ikiendelea kugoma wanakutuma dukani ukanunue spea. Ukirudi nayo na bado haiwaki, unatumwa nyingine.

Nitazungumzia zaidi Vespa PX na ndugu zake, zile za gia mkononi na injini ya mapigo mawili, ambazo kampuni ya Piaggio ilianza kuzitoa mwaka 1977 na ambazo bado zinakata vichochoro vya Ng'ambo na Mji Mkongwe kila siku. Umbo lao lina sababu yake. Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyeichora Vespa ya kwanza ya mwaka 1946, alikuwa mtu wa helikopta, na pikipiki za zama zake zilimchukiza kwa jinsi zilivyomchafua mpandaji kwa oili na mnyororo. Akaibana injini ubavuni mwa gurudumu la nyuma, akaondoa mnyororo, akafunika kila kitu kwa boneti. Kanzu inabaki safi, lakini hitilafu nazo zinajificha. Mwenye pikipiki ya kawaida huuona mpira wa mafuta ukivuja akiwa amesimama tu. Mwenye Vespa hana budi kuvua boneti ya kulia.

Kabla ya kuivua, kuna mambo ya kutazama bila spana. Koki ya mafuta chini ya kiti ina mikao mitatu: kufunga, kufungua na akiba. Tangi la PX linachukua takriban lita 8, na nyingi za zamani hazina geji, kwa hiyo injini iliyokata pumzi taratibu ikiwa njiani mara nyingi inaomba akiba tu. Itikise Vespa usikilize kama kuna kitu kinachocheza ndani ya tangi. Halafu choki: ni ya injini baridi. Aliyeivuta asubuhi akasahau kuirudisha, kisha akasimama dukani dakika tano, ataikuta injini imelowa mafuta na haitaki kuwaka. Kifuniko cha tangi nacho kina tundu dogo la kupitisha hewa. Likizibwa na vumbi, mafuta hayashuki, na Vespa itakwenda mwendo kidogo kisha izime. Ukilegeza kifuniko ukasikia hewa ikivutwa ndani, umeshapata jibu na hujatoa hata senti.

Sasa plagi. Hii ndiyo shahidi wako, na ni shahidi asiyeongopa. Futa kwanza mchanga ulioizunguka, maana chembe ikiingia kwenye silinda inakwenda kuchuna ukuta wake. Piga kiki mara kadhaa, kisha ifungue kwa spana ya 21 uitazame ncha yake kabla hujaigusa. Imelowa au ni kavu?

Ikiwa kavu kabisa, haina hata harufu ya petroli, basi mafuta hayafiki, na hakuna haja ya kuhangaika na umeme. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika. Kinachotiliwa shaka ni cheche. Kwa kuitazama tu umekwisha kata nusu ya kazi. Tazama na rangi. Kahawia kama ya ngozi ni afya. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta mengi kuliko hewa, au chujio la hewa limeziba. Nyeupe ni dalili ya hewa nyingi na joto kali, na hiyo isichukuliwe kwa mzaha kwa sababu pistoni inaweza kutoboka. Kwenye injini za mapigo mawili kuna jambo jingine dogo linalowapita wengi: punje ya masizi, nyembamba kama unywele, inayolala kwenye mwanya wa plagi na kuunganisha ncha mbili. Umeme unapita hapo bila kuruka, na hakuna cheche. Ipangushe kwa kipande cha karatasi ngumu, hakikisha mwanya ni milimita 0.6 hivi, na Vespa iliyokuwa "imekufa" itawaka kwa kiki ya kwanza.

Kupima cheche, irudishe plagi kwenye kofia yake, laza chuma chake juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake kwa sababu mvuke wa petroli unatokea hapo. Usiishike kwa mkono mtupu; ule umeme utakukumbusha. Wala usipige kiki kofia ikiwa inaning'inia hewani, kwani umeme usiopata pa kutokea unaweza kuharibu vifaa vingine. Simama kivulini, mtu apige kiki. Cheche nene ya buluu ni nzuri. Ya manjano, nyembamba, inayokuja na kupotea, haitoshi: hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda ni ngumu kurukika kuliko hewa ya nje, na cheche dhaifu inayoonekana nje huzimika ndani.

Hakuna cheche? Anza na plagi mpya, kwa sababu ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote. Kisha kofia: ing'oe kwenye waya wake, kata ncha ya waya iliyochakaa kidogo tu, uisokote tena. Hapa kwetu, ambako upepo wa bahari una chumvi, kutu ya kijani kwenye viungo vya waya ni ugonjwa wa kila siku. Baada ya hapo fuata njia ya kuzimia. Swichi ya ufunguo, au kitufe kwa zile zisizo na ufunguo, huizima Vespa kwa kuupeleka umeme kwenye bodi, na swichi iliyoingia maji ya masika inaweza kuizima moja kwa moja. Kwenye PX nyingi waya wa kuzimia ni ule wa kijani unaotoka kwenye kisanduku cha umeme wa cheche, ambacho mafundi hukiita sidiai (CDI). Uchomoe upime tena. Cheche ikirudi, sidiai yako ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Kumbuka tu kwamba ukiiwasha hivyo haitazimika kwa ufunguo. Utaizima kwa kutia gia, kushika breki na kuachia klachi.

Nimetaja waya huo kwa urefu kwa sababu sidiai ni spea ya fedha nyingi, na ndiyo inayolaumiwa upesi. Wakati mwingine ni kweli imekufa. Lakini mkosaji wa kawaida zaidi kwenye PX za umri mkubwa ni nyaya ndogo zilizo nyuma ya flaiwili. Zinakaa kwenye joto na mvuke wa oili, ganda lao linakauka, linapasuka, shaba inagusana. Fundi anayekuuzia sidiai bila kujaribu kwanza nyingine iliyo nzima, kazi ya dakika chache, anabahatisha kwa fedha yako. Vespa nyingi za zamani zaidi ya hizo hazina sidiai. Zina platini, ambayo huungua na kutaka msasa laini na kupimwa mwanya wake upya.

Plagi kavu inakupeleka upande wa pili. Vespa hizi hazina pampu. Petroli inateremka yenyewe kutoka tangini. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, ukinge chupa, fungua koki. Yakitoka mfululizo, koki ni nzima na shida iko kwenye kabureta. Yakidondoka, koki imeziba, au mpira ni mrefu mno na umejikunja ukashika hewa, jambo linalotokea sana mtu anapobadilisha mpira bila kupima ule wa zamani. Yaache hayo mafuta yatulie kwenye chupa angavu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiwamo utayaona chini yamejikusanya kama shanga.

Ndani ya kabureta, anza na chujio dogo mafuta yanapoingilia, kisha sindano ya boya, kisha jeti. Jeti hupulizwa, haichokonolewi kwa waya. Tundu lake limetobolewa kwa kipimo, na ukilipanua utaishi na Vespa inayokula mafuta na kuchafua plagi.

Ikiwa cheche ni nzuri na plagi imelowa chapachapa, injini imezama mafuta. Funga koki, toa plagi, vuta mafuta mpaka mwisho, piga kiki mara kadhaa ili silinda ijikaushe, rudisha plagi kavu, washa bila choki. Ikitokea kila asubuhi, sindano ya boya haizibi, na mafuta yanavujia ndani usiku kucha. Tabia ya kufunga koki kila unapoegesha ingekuepusha na hilo. Tazama pia mchanganyiko wa oili: asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5, na iwe oili ya mapigo mawili. Wanaomimina kwa kukadiria na jicho, tena oili ya gari, ndio wateja wakubwa wa wauza plagi.

Cheche ipo, mafuta yapo, na bado? Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Hewa isipokisukuma kidole kwa nguvu, ringi au silinda imechoka. Ikiwa Vespa inarusha kiki nyuma na kuuumiza mguu, shuku kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikisha flaiwili kwenye shafti. Kikikatika, flaiwili inahama na cheche inapiga wakati usio wake. Moshi mzito mweupe huku oili ya gia ikipungua unaelekeza kwenye sili ya upande wa klachi. Hizo ni kazi za gereji, si za kandokando ya barabara.

Kwa wenye skuta mpya zisizo na gia, mambo ni mengine kidogo. Nyingi hazikubali stata mpaka ushike breki, na baadhi hukatwa umeme na stendi ya pembeni ikiwa imeteremshwa. Ukisikia tik-tik na injini haizunguki, betri imeshuka; ile nzima na iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Zenye pampu ya umeme mara nyingi haziwaki hata kwa kiki kama betri imekufa kabisa. Na usijisumbue kuisukuma: klachi yake hushika injini ikiwa imeshaanza kuzunguka, kwa hiyo utasukuma gurudumu tu.

Ukifika hapo na bado haijawaka, funga koki, usiendelee kupiga kiki. Ipeleke kwa fundi pamoja na ile plagi uliyoifungua, bila kuifuta, na umweleze ulichokiona: ilikuwa kavu au imelowa, cheche ilikuwa ya rangi gani, mafuta yalitoka vipi kwenye mpira. Akianza kufungua kabureta kabla hajakusikiliza, tafuta fundi mwingine.