Mistari Miwili, Maswali Mengi

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike. Nawasimulia safari ya kidonge.

Palikuwa na binti wa kidato cha pili aliyezaliwa na VVU. Kila jioni humeza kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Dawa hizi hazivimalizi virusi, huvifubaza visizaliane. Mtu akimeza leo akaruka kesho na keshokutwa, virusi huanza tena kuzaliana, na vingine huzoea dawa hadi isivitishe. Huo ndio usugu.

Sasa muuguzi wa kliniki atajuaje kama binti anameza? Akimuuliza, atajibiwa, "Nameza, dada," maana nani anapenda kufokewa? Akihesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, vingine huenda vimetupwa chooni. Kipimo cha wingi wa virusi kinaaminika, ila damu mara nyingi hupelekwa maabara ya mbali, majibu yakasubiriwa siku au hata wiki. Tena virusi vikionekana vimepanda, huenda dawa iliachwa kitambo.

Mkojo una habari za karibu zaidi. Tenofovir huchujwa na figo ikatoka kwa njia hiyo. Kwa kulijua hilo, watafiti, akiwemo Dkt. Monica Gandhi wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walishiriki kuunda kipimo cha dakika chache, kisichohitaji maabara. Kimejaribiwa Kenya na Afrika Kusini.

Tukitazame kwa karibu. Unadondosha matone ya mkojo kwenye kijishimo. Mkojo unasafiri ndani ya karatasi, ukibeba kingamwili zenye rangi, ambazo kazi yake ni kunasa tenofovir. Mbele yake, kwenye mstari wa kipimo, imebandikwa tenofovir nyingine inayosubiri kunaswa. Kingamwili hizi ni kama wachukuzi wa stendi: aliyekwisha kujitwika mzigo hasimami kuchukua mwingine. Mkojo ukiwa na dawa ya kutosha, zinapita zimesheheni, na mstari hautokei. Dawa ikikosekana, zinang'ang'ania pale, rangi inajikusanya, mstari unaonekana. Mstari wa pili ni wa uhakiki, nao sharti utokee kila mara.

Basi mstari mmoja ni habari njema, miwili ni ishara kwamba dawa imepungua. Mpaka uliowekwa ni nanogramu 1,500 katika mililita moja ya mkojo. Nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa sehemu bilioni moja!

Lakini msikiamini kupita kiasi. Kinaona siku chache zilizopita tu, hivyo aliyemeza jana baada ya kuruka wiki nzima anaweza kupita. Wala hakiwafai watoto wadogo wanaotumia abacavir badala ya tenofovir.

Binti wetu alipopimwa, ilitokea mistari miwili. Muuguzi hakugomba. Alifunga mlango, akauliza, "Mdogo wangu, nini kinakukwamisha?" Ndipo binti akasema: bwenini wanalala wengi, kopo likitikiswa linalia, na wenzake huuliza. Wakakubaliana vidonge vya kila wiki vifungwe kwenye kitambaa, na matroni anayemwamini amtunzie kopo.

Kipimo kilitumia dakika chache, mazungumzo yakachukua nusu saa, na dawa ilirudi mwilini kwa sababu ya yote mawili.